Fahamu: Kupendeza pichani bila mkorogo

Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ziliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje ya nchi vipodozi vyenye zebaki. Zebaki, iliyomo katika baadhi ya mikorogo (michanganyiko ya kupausha ngozi), huipausha ngozi kwa kuzuia melanini, rangi ya asili ya ngozi, lakini pia hudhuru figo.

Limau nalo si mbadala: ukilipaka kisha ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kubaki na mabaka. Badala yake, mikono na miguu ipake mafuta ya nazi mara utokapo kuoga, ingali na unyevu.

Kwenye picha, futa kwanza lenzi ya simu, zima flashi, tazama dirishani, kisha gusa uso kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo. Epuka ukuta mweupe unaong'aa nyuma yako. Huifanya kamera iufifishe uso. Rangi yako haina kasoro, ipe mwanga tu.