Waliotoka Kiungani: Kazi za Wanafunzi wa Zamani wa Shule ya Bweni na Mipaka ya Uenezi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza kazi walizofanya wanafunzi wa shule ya bweni ya Kiungani, Unguja, baada ya kuondoka shuleni, tangu miaka ya 1860 hadi miaka ya 1930. Inachunguza uhusiano wa kazi hizo na uenezi wa Kiswahili katika maeneo ambayo leo yamo Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia. Hoja kuu ni kwamba shule ilizalisha wasemaji na waandishi hodari wa Kiswahili, lakini lugha iliota mizizi pale tu ambapo wasemaji hao walipata kazi iliyowahitaji kuitumia. Waliokwenda ng'ambo ya Ruvuma na katika Ziwa Nyasa walikuwa na elimu ileile, ila walifanya kazi zao kwa lugha nyingine. Makala inapendekeza kwamba mipango ya sasa ya kufundisha Kiswahili katika nchi jirani ipimwe pia kwa kazi zinazowangoja wanafunzi baada ya shule.

1.0 Utangulizi

Katika kipindi kifupi, hadhi ya Kiswahili imepanda kwa kasi katika ukanda huu. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikikubali kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Umoja wa Afrika ulifuata mwaka 2022. Na mwezi Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mjadala unaofuata maamuzi ya namna hii kwa kawaida huhusu walimu, vitabu na mitihani. Ni nadra kuulizwa mwanafunzi aliyejifunza Kiswahili atakwenda wapi nacho akishamaliza.

Swali hilo si jipya. Historia ina shule moja ambayo wanafunzi wake walitawanyika katika nchi kadhaa wakiwa na Kiswahili kimoja na malezi mamoja. Shule hiyo ni Kiungani, iliyoendeshwa na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ijulikanayo kwa kifupi kama UMCA. Kwa kuwa chanzo kilikuwa kimoja na walikofikia kulikuwa kwingi, tofauti za matokeo haziwezi kuelezwa kwa ubora wa mafunzo peke yake.

2.0 Shule na lugha yake

Misheni ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Mwaka huo Sultani Majid alimkabidhi askofu wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa, nao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Baadaye shule iliwekwa Kiungani, nje kidogo ya mji kwa upande wa kusini, ikapewa jina la Chuo cha Mtakatifu Andrea. Wasichana walilelewa Mbweni, na ndoa nyingi za wanafunzi wa zamani ziliunganisha shule hizo mbili.

Wavulana waliofika Kiungani walitoka kwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wanyamwezi na jamii nyingine za bara. Wengi walikuwa wamechukuliwa wakiwa wadogo mno, na kwa kuwa hapakuwa na lugha ya nyumbani iliyowaunganisha, Kiswahili kilikuwa lugha ya bweni, ya mezani, ya uwanjani na ya sala. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha London kitabu cha masimulizi ya wavulana hao kuhusu kutekwa na kusafirishwa kwao. Masimulizi yenyewe yalikuwa yameandikwa na wavulana kwa Kiswahili, kisha yakafasiriwa. Mtoto aliyeuzwa Kilwa au kwingineko aliieleza safari ya utumwa kwa lugha aliyojifunza mwishoni mwa safari hiyo.

Wakati huohuo misheni ilikuwa karakana ya lugha. Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka 1870, na vijana wa misheni walifundishwa kupanga herufi na kuendesha mtambo wa uchapaji. Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ilikamilika mwaka 1891, na kamusi za Madan zilitoka mwaka 1894 na 1903. Mwanafunzi wa Kiungani alisoma Kiswahili kilichokuwa kikiandikwa na kusahihishwa pembeni yake.

3.0 Kazi baada ya shule

3.1 Walimu na makasisi

Kundi linalojulikana zaidi ni la waliorudi bara kwa utumishi wa kanisa. John Swedi, mmoja wa wavulana watano wa mwaka 1864, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, alifanywa shemasi mwaka 1886 na kasisi mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Alihudumu Chitangali, katika nchi ya Wayao kusini mwa Tanzania ya leo, mbali na usimamizi wa kila siku wa Wazungu.

Kurudi huko hakukuwa kurudi nyumbani kwa maana nyepesi. Aliyechukuliwa akiwa mtoto alirejea akiwa mtu mzima mwenye Kiswahili, dini na mavazi ya Unguja, na pengine hakuwa tena na ukoo wa kumpokea. Masasi, ambako Steere alipeleka kundi la watu waliokombolewa mwaka 1876, ilianza kama kijiji cha watu wa namna hiyo. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya ndani kabla hakijawa lugha yao na majirani.

3.2 Waandishi wa habari na makarani

Kundi la pili liliishi kwa kalamu. Mwaka 1888 lilianza kuchapishwa Kiungani gazeti la Msimulizi, miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Lilikusanya habari za vituo vya misheni, na kwa njia hiyo walimu waliokwisha kuondoka waliendelea kuandikiana na wenzao waliobaki. Upande wa Bonde, Magila, lilifuata gazeti la Habari za Mwezi katika miaka ya 1890. Magazeti haya yaliwapa waliotoka shuleni jambo adimu kwa wakati ule: sababu ya kuandika Kiswahili mara kwa mara, na msomaji wa mbali aliyesubiri.

Utawala wa Wajerumani ulipochagua Kiswahili kuwa lugha ya shughuli zake na wenyeji, ujuzi huo ulipata soko. Serikali ilihitaji makarani, wakalimani na walimu. Baadhi ya waliosomeshwa ili wawe walimu wa dini waliona ofisini mshahara mkubwa zaidi, na wamisionari hawakufurahi.

Mfano ulio wazi ni Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891, mtoto wa baba aliyekuwa mwenyewe mwanafunzi wa Kiungani. Baada ya shule alifanya kazi za ukarani, kisha akawa karani mwandamizi katika ofisi ya serikali Tanga chini ya Waingereza. Mwaka 1922 aliongoza uanzishaji wa chama cha watumishi wa serikali Waafrika mjini humo, chama kilichowaweka pamoja Wakristo na Waislamu. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mwami Makwaia na Francis Lwamugira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuunganisha makoloni ya Afrika Mashariki. Aliyoyaona aliyaandika kwa Kiswahili katika kitabu Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza.

3.3 Waliokwenda ng'ambo

Kundi la tatu lina umuhimu wa pekee kwa mada hii. Yohanna Abdallah, aliyesoma Kiungani, alipata ukasisi mwaka 1898 na kufanya kazi Unangu, kaskazini mwa Msumbiji. Augustine Ambali, aliyepitia utumwa kabla ya kufika Unguja, alitumikia kanda ya Likoma katika Ziwa Nyasa. Leonard Kamungu, aliyezaliwa kando ya ziwa hilo, alipata ukasisi mwaka 1909, akaenda Msoro katika Zambia ya leo mwaka 1911, na kufariki huko mwaka 1913.

Watu hawa walikuwa na Kiswahili sawasawa na wenzao wa Masasi au Magila. Hata hivyo, Likoma kanisa lilishika Chinyanja. Unangu, Abdallah aliandika historia ya watu wake kwa Chiyao. Kitabu hicho, Chiikala cha Wayao, kilichapishwa Zomba mwaka 1919. Stadi za kusimulia na kupanga habari alizozipata katika shule ya Kiswahili alizitumia kuijenga lugha nyingine.

4.0 Tofauti ilitoka wapi?

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Kiswahili kilishinda palipokuwa na lugha dhaifu na kushindwa palipokuwa na lugha yenye nguvu. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa Chiyao kilisemwa pande zote mbili za Ruvuma. Kilichobadilika mtu alipovuka mto ni ofisi aliyoikuta. Upande wa Tanganyika, karani, akida, mwalimu wa serikali na mhakiki wa gazeti walilipwa kwa sababu walijua Kiswahili. Upande wa Wareno, cheo kilihitaji Kireno. Na Nyasaland, Chinyanja na Kiingereza ndizo lugha zilizofungua milango.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu dhidi ya madai ya Kimvita, uamuzi huo uliegemea pia uhalisi uliokwisha kujengwa: vitabu vya Steere na Madan, na watumishi waliovitumia bara kwa zaidi ya nusu karne. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930 juu ya msingi huo, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilitokana na ile ya Madan.

Tahadhari moja inahitajika. Majina yanayojulikana ni ya waliopata vyeo. Wapishi, mabaharia, wachukuzi na mafundi waliopita Kiungani hawakuacha vitabu, na wasichana wa Mbweni, waliokuwa walimu na mama wa familia za kwanza zilizozungumza Kiswahili katika vituo vya bara, hutajwa kwa ufupi tu. Inawezekana mchango wao katika lugha ya mazungumzo ulizidi ule wa makasisi.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya Kiungani inaonyesha kwamba shule inaweza kumpa mtu lugha kikamilifu, na bado lugha hiyo isivuke naye mpaka. Kwa hiyo makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, nchi zinazoanzisha ufundishaji wa Kiswahili zitenge mapema nafasi za kazi zinazokihitaji: ukalimani mahakamani na mipakani, tafsiri za nyaraka za jumuiya, na utangazaji. Pili, wanafunzi wafuatiliwe kwa miaka kadhaa baada ya kumaliza, kwani idadi ya waliofaulu mtihani haionyeshi ni wangapi wanaitumia lugha. Tatu, kitabu cha Abdallah kichukuliwe kuwa faida iliyotoka katika elimu ya Kiswahili. Majirani wenye hofu kwamba Kiswahili kitazifuta lugha zao watapata humo ushahidi kwamba mtu aliyelelewa nacho aliweza kurudi na kuiandika lugha ya wazazi wake.