Kufomati Kadi ya Kamera Bila Kupoteza Masimulizi

Sisi wanafunzi wa lugha tunaokwenda Kipese, upande wa Butembo, kurekodi wazee wakisimulia kwa Kinande, tuna kadi chache za kumbukumbu. Ikijaa moja, lazima tuifomati ili itumike tena. Kadi nyingine yaweza kununuliwa mjini. Simulizi la mzee huenda tusilipate mara ya pili. Ndiyo maana inafaa tujue kamera hufanya nini hapo.

Katika kamera nyingi, kufomati hakufuti video zenyewe. Kunaondoa orodha inayoonyesha kila faili limekaa wapi, mfano wa kitabu kilichonyofolewa ukurasa wa yaliyomo. Basi mtu akifomati kabla ya kunakili, aitoe kadi mara moja, asirekodi tena. Programu ya kurejesha mafaili inaweza kuyaokoa, mradi rekodi mpya hazijaandikwa juu yake.

Mimi hunakili kila rekodi mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, kisha huzifungua nakala zote mbili na kuzisikiliza. Ndipo hufomati, tena ndani ya kamera yenyewe, ili kadi ipangwe kwa mfumo inaoutambua. Kwa kadi za SD za GB 4 hadi 32, mfumo huo ni FAT32. Zinazozidi hapo hutumia exFAT.

Na kabla ya kuondoka kijijini, sukuma kile kitufe kidogo cha ubavuni mwa kadi ya SD upande wa kufunga. Kikiwa hivyo, kamera itakataa kuifomati.