Nukta Nyingi, Maandishi Madogo

Kila kionekanacho kwenye kioo cha kompyuta kimejengwa kwa nukta za mwanga. Kadiri nukta zinavyosongamana, ndivyo herufi zinavyokuwa safi zaidi. Hata hivyo, mwenye kioo kipya cha nukta nyingi huweza kukuta kwamba maandishi yamekuwa madogo mno, hayasomeki.

Chanzo ni mazoea ya zamani. Kioo cha Macintosh ya mwaka 1984 kilikuwa na nukta 72 kwa inchi. Programu za Windows zilizoea nukta 96. Watungaji wa programu nyingi walihesabu nukta badala ya kupima ukubwa. Alama yenye upana wa nukta 32, kwenye kioo cha nukta 96 kwa inchi, huwa na milimita 8.5 hivi. Kwenye kioo cha inchi 15.6 chenye nukta 3840 kwa 2160, alama hiyo hiyo haifiki milimita 3.

Kukuza mara mbili ni rahisi: nukta moja hushika mahali pa nne. Apple ilifuata njia hiyo katika MacBook Pro ya mwaka 2012. Ugumu huja inapohitajika mara moja na nusu, kwani nusu ya nukta haipo. Mstari mwembamba ama hunenepa, ama hubaki ulivyo, ama huingia ukungu.

Dawa ya kudumu ni programu kutaja ukubwa unaotakiwa, kisha kompyuta ikokotoe nukta kulingana na kioo kilichopo. Isipokuwa hivyo, mtumiaji huachiwa kuchagua kati ya udogo na ukungu.