Mtoto Akiachwa Nyuma kwa Bahati Mbaya: Yanayofaa Kufanywa Saa ya Kwanza

Mvua ya alasiri imeanza kunyesha. Mama anafika nyumbani kutoka kituo cha biashara cha Siongiroi akiamini kwamba mwanawe wa miaka minne alichukuliwa na nyanya yake chekechea ilipofungwa. Nyanya anamwona mlangoni na kuuliza, "Mbona umekuja peke yako? Mtoto yuko wapi?" Mhudumu wa bodaboda ambaye humleta mtoto siku nyingine alikuwa ameambiwa kwamba leo hahitajiki. Mtoto ameachwa.

Huu ni mfano tu, lakini wazazi wengi wanaujua moyo wa mama huyo. Katika mfano huu hakuna aliyemtelekeza mtoto. Kila mtu mzima alidhani yuko mikononi mwa mwenzake. Makala haya yanaeleza hatua za kuchukua mtoto anapoachwa hivyo, na jinsi ya kuzuia hali hiyo isitokee.

Kinachochelewesha msaada

Jambo la kwanza ni aibu. Mzazi huogopa kuitwa mzembe na majirani au na jamaa zake, kwa hivyo huanza kutafuta kimyakimya. Anapoomba msaada, giza limekaribia. Katika eneo letu jua hutua mwendo wa saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na mtoto aliyekosekana saa tisa ana saa chache tu za mwanga. Kusema mapema ndiyo njia ya kumlinda.

Jambo la pili ni imani kwamba polisi hawapokei ripoti ya mtu aliyepotea mpaka saa 24 zipite. Hakuna haja ya kungoja. Ripoti ya mtoto aliyepotea inaweza kuandikishwa mara moja, na huduma hiyo hailipiwi.

Hatua za kuchukua mara moja

1. Mtu mmoja arudi pale mtoto alipoonekana mwisho, iwe ni chekechea, steji au sokoni. Watoto wadogo mara nyingi hukaa karibu na mahali wanapopajua. Mwingine abaki nyumbani, kwa kuwa mtoto anaweza kufika mwenyewe.

2. Anzeni na mahali pa hatari: mito, mabwawa ya maji, visima, mashimo ya machimbo na barabara. Kisha tafuteni katika mahindi, mashamba ya chai na nyumba za majirani ambao mtoto huwatembelea.

3. Mwarifuni mwalimu, wahudumu wa bodaboda walio stejini, mzee wa kijiji na naibu wa chifu. Hawa huweza kueneza habari kijiji kizima kwa muda mfupi.

4. Ikiwa hajaonekana katika mahali hapo pa karibu, piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu, au piga simu 999 au 112. Beba picha ya hivi karibuni na ueleze nguo alizovaa, lugha anayozungumza na alama yoyote mwilini. Hakikisha umepewa nambari ya OB.

5. Piga pia 116, nambari ya kitaifa ya kuwasaidia watoto. Simu hiyo ni ya bure na hupokelewa mchana na usiku.

Ukituma picha ya mtoto kwenye makundi ya WhatsApp, andika mahali na saa alipoonekana mwisho. Akipatikana, waombe watu waiondoe.

Ukimpata mtoto wa mwenyewe

Mkazi akikuta mtoto mdogo peke yake, asimpite. Amkinge mvua na baridi, azungumze naye kwa upole, na abaki naye karibu na pale alipomkuta kwa muda, maana huenda mzazi anarudi. Asiondoke naye kimyakimya kwenda kwake, hata kwa nia njema. Ampigie simu mwalimu, mzee wa kijiji au chifu, au amfikishe kituo cha polisi akiwa na mtu mwingine wa kushuhudia. Mtoto akabidhiwe mtu ambaye uhusiano wake naye umethibitishwa.

Mtoto akirudi

Hasira humtoka mzazi pamoja na hofu, na wapo wanaomchapa mtoto wanapompata. Mtoto wa miaka minne hakujiacha. Akipigwa, atajifunza kujificha siku nyingine akipotea. Mpe kitu cha moto, mkague kama ameumia, na umsikilize. Akionekana ameumizwa au akikataa kusema yaliyompata, mpeleke kituo cha afya na umwarifu afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Mjulishe pia kila uliyempa habari kwamba amepatikana.

Kuziba pengo

Dawa kubwa ni rahisi: kila siku mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, awe na jukumu la kumchukua mtoto. Mpango ukibadilika, anayebadilisha azungumze na huyo mwingine moja kwa moja na asikie akijibu, "Nitamchukua." Ujumbe uliotumwa bila kujibiwa usihesabiwe kuwa mapatano.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Wazazi wanahimizwa kumpa mwalimu orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto pamoja na nambari mbili za simu. Ni vyema mwalimu asifunge lango kabla ya mtoto wa mwisho kuchukuliwa, na mzazi anayechelewa ampigie simu.

Mtoto naye afundishwe majina kamili ya wazazi wake, jina la kijiji chake na nambari ya simu. Watoto hushika nambari haraka ikiimbwa. Afundishwe pia kwamba akiachwa, asimame pale pale, na asifuate mtu asiyemjua hata akiitwa kwa jina lake.

Nambari za kukumbuka: Polisi 999 au 112. Msaada kwa watoto 116.