Risasi za Bei Nafuu na Kutu ya Mtutu

Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, bunduki kuukuu za Mosin-Nagant, zilizobuniwa mwaka 1891, ziliuzwa kwa wingi Marekani pamoja na risasi za akiba ya jeshi. Risasi hizo zilikuwa rahisi, na zikihifadhiwa pakavu hudumu miaka mingi. Lakini fataki zake nyingi zina kloreti ya potasiamu. Fataki ilipukapo, kloreti hutoa oksijeni na kubakiza kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo jamaa ya chumvi ya mezani. Chumvi hiyo hubaki mtutuni, huvuta unyevu wa hewa, na chuma hushika kutu. Mafuta hayaiyeyushi, maji huiyeyusha. Hivyo, achaguaye risasi hizo hana budi kuuosha mtutu kwa maji ya moto siku ile ile, aukaushe, ndipo aupake mafuta.