Maandishi yako kwenye simu, ordinatere haiyaoni: mambo ya kufanya mbele ya kubonyeza «Effacer»

Wanafunzi, wauguzi, wachuuzi, wanasheria, na sisi wanahabari pia, siku hizi tunaandika kwenye simu mambo ambayo zamani tuliandika kwenye kaye. Programu za kuandikia zinaahidi kwamba kile unachoandika kwenye simu kitaonekana pia kwenye ordinatere. Katika inchi yetu, ahadi hiyo mara nyingi inakwama njiani, na wengi wanapoteza maandishi yao wakati wanajaribu kutengeneza tatizo.

Nilipoteza maandishi kumi na moja mchana mmoja katika muji wa Butembo, mbele ya meza ya fundi wa simu. Hakuna mwizi aliyeyachukua. Ni mimi mwenyewe niliyebonyeza.

Nilikuwa nimetoka kwenye milima ya Lubero, siku tatu karibu bila rezo, kutafuta habari juu ya akina mama wanaozalisha wenzao nyumbani pale ambapo kituo cha afya kiko mbali. Niliandika yote kwenye simu, katika programu niliyozoea tangu chuo kikuu. Niliporudi mujini na kufungua ordinatere, maandishi ya mwisho niliyoona yalikuwa ya juma lililotangulia. Kwenye simu yapo, kwenye ordinatere hayapo. Nikangoja. Nikanunua mega zingine. Bado. Fundi mmoja kijana, kwa nia nzuri kabisa, akanishauri niingie kwenye mipangilio ya simu, nichague ile programu na kubonyeza «Effacer les données», ili ianze upya na kuvuta kila kitu. Kweli ilianza upya, na ikavuta kila kitu kilichokuwa kwenye serveri. Lakini yale maandishi kumi na moja hayakuwa yamefika kwenye serveri hata dakika moja.

Nililazimika kupanda tena milima. Mama mzee aliyenieleza mara ya kwanza, kwa muda wa saa mbili, namna alivyompoteza binti yake mwenyewe wakati wa kuzaa, mara ya pili alinipokea vizuri, akanipa chai, akanieleza kazi yake yote. Juu ya binti yake hakusema neno. Sikumuuliza. Habari ilitoka bila sehemu hiyo.

Tangu siku ile nimejifunza namna mambo haya yanavyofanya kazi, na nimeona kwamba si uchawi. Unapoandika, maneno yanalala kwanza ndani ya simu yenyewe. Programu inaweka alama: hapa kuna kitu kipya cha kutuma. Intaneti ikipatikana, inakituma kwenye serveri ya kampuni, ambayo kwa kawaida iko ng'ambo. Kisha ordinatere yako inauliza serveri hiyo: tangu mara ya mwisho tulipoongea, nini kimebadilika? Ndiyo sinkronizasio yenyewe. Simu na ordinatere haziongei moja kwa moja, hata kama ziko juu ya meza moja. Kwa hiyo njia ina vipande viwili, na kila kipande kinaweza kukatika peke yake.

Swali la kwanza basi ni hili: ni upande gani umekwama? Kwa programu zinazofunguka pia kwenye intaneti, kama vile Google Keep, Evernote au OneNote ya Microsoft, kuna njia rahisi ya kujua. Fungua akaunti yako ndani ya navigateri, hata kwenye ordinatere ya rafiki (usisahau kuifunga kisha). Kile unachoona pale ndicho serveri inacho. Kama maandishi mapya yapo pale, simu yako imefanya kazi yake na tatizo liko kwenye ordinatere. Kama hayapo, basi hayajatoka kwenye simu, na simu hiyo ndiyo mahali pamoja tu duniani yanapopatikana. Hapo mikono inapashwa kutulia: usitoke kwenye akaunti, usiondoe programu, usifute data yake. Nakili maneno yaliyo muhimu, ujitumie mwenyewe kwa WhatsApp au kwa ujumbe wa kawaida. Hata kupiga picha ya ekra kunasaidia. Kisha ndipo utafute sababu.

Mafundi wengi wanachanganya vifungo viwili vinavyokaa jirani kwenye simu za Android. «Vider le cache» inatupa vitu vya muda tu, na kwa kawaida haigusi maandishi. «Effacer les données» inarudisha programu kama siku uliyoiweka, na kila kitu ambacho hakijatumwa kinakufa. Kuondoa programu na kuiweka tena kunaleta hasara ileile.

Sababu zenyewe, kwa sehemu kubwa, ni za kila siku. Ya kwanza ni betri. Tangu Android 6, iliyotoka mwaka wa 2015, simu iliyolala bila kuguswa inazuia programu kufanya kazi kwa siri ili kulinda betri. Simu nyingi tunazobeba hapa, Tecno, Itel au Infinix, zinaongeza juu yake ulinzi wao wenyewe, na ulinzi huo ni mkali. Mtu anayeishi katika mtaa ambamo umeme unakatika mara kwa mara anaacha hali ya kubana betri imewashwa siku nzima, na mimi simlaumu. Lakini anapashwa kujua kwamba programu yake haitumi kitu kama haiko wazi mbele ya macho yake. Dawa ni mbili: kufungua programu na kuiacha wazi dakika chache wakati rezo ni nzuri, ao kuingia katika mipangilio ya betri na kuiruhusu hiyo programu moja ifanye kazi bila kizuizi.

Ya pili ni mega. Ile hali ya kubana data iliyokuja na Android 7 inafanya kazi kama ile ya betri: programu isiyokuwa wazi hainywi mega. Tena, ukinunua mega za WhatsApp peke yake, WhatsApp inaenda vizuri, unaamini intaneti iko, kumbe programu ya kuandikia imefungiwa mlango. Jaribu kufungua ukurasa wowote wa habari kwenye navigateri. Kama haufunguki, umepata jibu bila fundi.

Sisi wa mipakani tuna lingine. Goma, Bukavu, Uvira, Kasindi, simu inaweza kukamata antena ya inchi jirani. Unaona vijiti vya rezo vimejaa, lakini kama haukuruhusu data nje ya inchi, hakuna kinachotoka. Angalia jina la rezo juu ya ekra mbele ya kulaumu programu.

Kuna pia saa. Inchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko saa moja nyuma ya Goma, Bunia na Lubumbashi. Chukua simu iliyotoka Kinshasa na saa yake imewekwa kwa mkono. Mwenyewe akifika Goma anaongeza saa moja, bila kubadilisha eneo la saa. Machoni inaonekana sawa, lakini simu inapiga hesabu zake kwa saa ya dunia, na sasa inaamini iko saa moja mbele ya wengine wote. Programu inayotumia saa ya simu ili kujua andiko gani ni la mwisho inaweza kudanganyika, na maneno ya zamani yakashinda mapya. Simu iliyozimika kabisa na kurudi na tarehe ya miaka ya nyuma ni mbaya zaidi: serveri zenye usalama zinakataliwa, na hakuna kinachopita kabisa. Acha saa na eneo la saa vijiweke vyenyewe. Kati ya mashauri yote ya habari hii, hilo ndilo linalofanyika kwa muda mfupi zaidi.

Sababu nyingine inachekesha kidogo, lakini nimeiona kwa watu wa elimu kubwa: akaunti mbili. Simu ina barua pepe ya kazi na ya nyumbani, Keep inaandika kwenye moja, ordinatere imefunguliwa kwa nyingine. Kila kitu kinafanya kazi vizuri, ila katika nyumba mbili tofauti.

Uzito nao uhesabiwe. Ukurasa mmoja wa maneno matupu ni kilobaiti chache tu, hata rezo ya zamani kule milimani inaweza kuubeba. Lakini tukibandika ndani yake sauti ya mazungumzo ya saa nzima, au picha kumi za kamera ya kisasa, tunaongea juu ya makumi ya megabaiti, na rezo dhaifu inaanza, inakatika, inaanza tena. Mimi sasa maneno naandika peke yake, sauti naweka pengine. Na nafasi ya bure kwenye serveri ina mwisho. OneNote inahifadhi kwenye OneDrive, ambayo bila malipo inatoa gigabaiti 5. Picha zikijaza nafasi hiyo, maandishi nayo yanasimama. Evernote, tangu Desemba 2023, inawapa wasiolipa maandishi 50 tu na daftari moja. Aliyekuwa na zaidi anaweza kuyasoma yale ya zamani, lakini kuandika jipya hawezi.

Tuseme sasa njia imefunguka, kila kitu kinatoka. Hapo ndipo linakuja tatizo ambalo watu wengi hawalitazamii: maandishi mawili ya jina moja. Uliandika kwenye simu bila rezo, kisha ukaandika kwenye ordinatere ndani ya andiko lilelile, na programu haijui ya kweli ni ipi. Programu nzuri hazichagui kwa niaba yako. Joplin, kwa mfano, inaacha toleo lililokuwa kwenye serveri na kuweka lako katika daftari la pekee la migongano. OneNote inakuonyesha alama juu ya ukurasa na kuacha kurasa zote mbili. Wengi wakiona nakala ya pili wanaifuta haraka, wakidhani ni takataka. Isome kwanza, pengine ndimo sentensi yako ya mwisho imo. Weka zote mbili mbele yako, chukua kinachokosekana, kisha futa moja. Ni kazi ya mkono, inachosha.

Na wewe uliyekwisha kubonyeza? Kama ulifuta andiko moja ndani ya programu, bado kuna siku chache. Google Keep inaweka vilivyofutwa kwenye kikapu siku 7 tu. OneNote inaweka siku 60. Joplin inahifadhi matoleo ya zamani ya kila andiko kwa siku 90, kama haukubadilisha mpangilio. Lakini kile ambacho hakikufika kwenye serveri, kisha data ya programu ikafutwa, usimlipe mtu franga zako kwa sababu anakuahidi kukirudisha. Mimi nililipa.

Wenzangu wananiuliza programu gani ni bora. Sina jibu moja. Keep ni nyepesi na iko tayari kwenye simu nyingi, lakini kumbuka kwamba Google sasa inaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka 2. Joplin ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na unaweza kuchagua wapi iweke maandishi, kwenye Dropbox, OneDrive au serveri yako mwenyewe. Kinachonipendeza ni kwamba inangoja kwa subira pasipo rezo na ina kifungo cha kulinganisha wakati unaotaka wewe. Kwa OneNote ya ordinatere, kifungo F9 kinailazimisha kulinganisha madaftari yote papo hapo.

Kwa mwanahabari, au mtu wa shirika anayeandika majina ya waliomweleza mabaya waliyotendewa, kuna upande mwingine ambao hautengenezwi na mega. Maandishi yanayofika kila mahali yanafika pia kwenye simu ya zamani uliyompa mdogo wako bila kutoka kwenye akaunti, na kwenye ordinatere ya siber uliyoisahau wazi. Ingia katika mipangilio ya akaunti, soma orodha ya vyombo vilivyounganishwa, ondoa usivyovijua. Joplin na Standard Notes zinaweza kufunga maandishi kwa siri ambayo hata wenye serveri hawaisomi, lakini ukisahau neno la siri hilo hakuna ofisi ya kulalamikia: maandishi yanabaki yamefungwa. Mimi naliandika kwenye karatasi, karatasi inakaa kwa mtu ninayemwamini. Majina ya kweli ya mashahidi siyaweki kwenye simu kabisa, naandika herufi moja.

Yule fundi bado ana meza yake palepale. Mara ya mwisho nilipopita, mwanafunzi mmoja wa kike alikuwa amesimama mbele yake na simu mkononi, kazi yake ya mwisho wa masomo ilikuwa haionekani kwenye ordinatere ya ndugu yake. Fundi alimwambia kwanza ajitumie yote kwa WhatsApp. Kisha wakafungua mipangilio ya betri.