Mzani wa Dhahabu na Aina za Data

Wachimbaji wadogo wa Geita, na wenzao wa Kahama mkoani Shinyanga, huijua thamani ya desimali kuliko watu wengi. Gramu 12 na gramu 12.4 si kitu kimoja. Sehemu hiyo ndogo iliyo nyuma ya nukta yaweza kuwa ujira wa siku kadhaa. Katika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, uzito na usafi wa madini ndivyo huamua bei.

Kumbukumbu za biashara ya namna hii zinapopita kutoka kompyuta moja hadi nyingine, huweza kuandikwa kwa utaratibu uitwao JSON. Utaratibu huu ulienezwa na Mmarekani Douglas Crockford mwanzoni mwa miaka ya 2000, na shirika la Ecma lilichapisha kanuni zake mwaka 2013. Ni maandishi ya kawaida, ambamo kila jina huambatana na thamani yake:

{"kibali": "00417", "uzito": 12, "karati": 22}

JSON hutambua maandishi, namba, kweli au si kweli, tupu, orodha, na kundi la majina na thamani. Haitofautishi aina ya namba nzima na ya desimali. Lakini lugha kama Java na Go humtaka mtunzi wa programu atangaze mapema aina ya kila kipengele. Kuyaandika matangazo hayo kwa mkono, penye vipengele mamia, ni kazi ya kuchosha. Ndiyo maana zimebuniwa programu, kama quicktype, ambazo husoma mfano wa data na kuiandika miundo hiyo zenyewe.

Hata hivyo, chombo hujua kile tu kilichooneshwa. Kikipewa mfano ulio hapo juu, kitaamua kuwa uzito ni namba nzima. Siku itakapofika 12.4, programu moja itaikataa kumbukumbu; nyingine itakata desimali bila kusema neno, na mchimbaji atapoteza gramu 0.4. Namba ya kibali nayo, ikiandikwa bila alama za kunukuu, haiwezi kubaki na sufuri zake za mwanzo.

Kosa kama hilo huharibu ramani pia. Mji wa Geita upo karibu na latitudo -2.87 na longitudo 32.23. Desimali zikikatwa, shimo la mgodi litahama kilomita 100 hivi na kuangukia ndani ya Ziwa Victoria!

Dawa yake ni kukipa chombo mifano mingi, ikiwemo yenye desimali na yenye vipengele vilivyoachwa wazi; kisha mtu anayeijua kazi ya mzani aukague muundo uliopatikana. Mtaalamu wa miamba hahukumu mwamba mzima kwa sampuli moja. Mtunzi wa programu naye asihukumu data yote kwa mstari mmoja.